Ushindi wa uwanjani, kushindwa kwenye karatasi: namna timu, wagombea na hata miji mizima huondolewa

Zaidi ya mwezi mmoja baada ya Chancel Mbemba kufunga penalti ya mwisho mjini Rabat, mchezo kati ya Kongo na Nigeria ulikuwa haujamalizika kwa kila mtu. Mwezi wa Disemba 2025, shirikisho la mpira wa miguu la Nigeria lilipeleka malalamiko kwa FIFA. Lilisema kuna wachezaji wa Léopards ambao hawakustahili kuvaa jezi ya Kongo siku ile.

Siku ile ilikuwa tarehe 16 mwezi wa 11. Nigeria ilitangulia kufunga, Meschack Elia akasawazisha, na muda wote ukaisha kwa sare ya 1-1. Kongo ikashinda kwa penalti 4 kwa 3. Siku tatu mbele yake, ilikuwa imeitoa Kamerun kwa bao moja la Mbemba. Léopards wakawa wanasubiri mchezo wa mwisho wa kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, mwezi wa tatu 2026 huko Guadalajara, nchini Meksiko. Hadi wakati huo, mara ya mwisho Kongo kucheza Kombe la Dunia ilikuwa mwaka 1974, nchi ikiitwa Zaire.

Nigeria haikudai kwamba refa aliiba wala kwamba bao lilikuwa la kuotea. Ilileta Katiba ya Kongo mbele ya FIFA. Kifungu cha 10 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine. Wanigeria waliuliza: mchezaji aliyekulia Ulaya na mwenye pasipoti ya Ulaya anawezaje kuwa Mkongomani kwa sheria hiyo? Kwa maoni yao, FIFA ilipewa karatasi zisizosema ukweli wote.

Kati ya majina yaliyotajwa katika vyombo vya habari kulikuwa na Axel Tuanzebe. Alizaliwa Bunia, Ituri, mwaka 1997, akakulia Uingereza na kuchezea timu za vijana za nchi hiyo kabla ya kurudi upande wa Kongo. Watu wa Bunia waliona ajabu mtoto wao kuambiwa si Mkongomani. Lakini kilichoulizwa si mahali alipozaliwa. Kilichoulizwa ni pasipoti gani alikuwa nayo mfukoni, na ni sheria ipi inayotawala: ya FIFA au ya nchi.

FIFA ina kanuni zake. Inataka mchezaji awe na uraia wa nchi anayoichezea, na kama alichezea nchi nyingine katika mashindano rasmi, aombe ruhusa ya kubadili. Hairuhusu kila shirikisho kuingia katika sheria za ndani za jirani yake bila mpaka. Hata hivyo malalamiko yaliwekwa mezani, na jibu likawa linangojewa Kinshasa, Lagos na Bunia.

Jambo hili si la mpira peke yake. Swali lile lile la uraia limewahi kutumiwa kutaka kuwaondoa watu katika uchaguzi wa rais wa Kongo. Na kuondolewa kwa karatasi, baada ya jasho kutoka, ni kitu ambacho Wakongomani wamekionja uwanjani, mahakamani na kwenye kituo cha kupigia kura.

Mazembe, 2011

Lubumbashi haijasahau mwezi wa tano 2011. TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Mwezi wa 12 mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, ambako ilifungwa 3-0 na Inter Milan. Mwaka uliofuata iliitoa Simba ya Tanzania, kisha ikaitoa Wydad ya Casablanca. Njia ya taji la tatu ilikuwa wazi.

Simba ikalalamika. Ilisema beki Janvier Besala Bokungu hakuwa ametimiza masharti ya usajili baada ya kutoka Espérance ya Tunis. CAF ikakubali, ikaiondoa Mazembe katika mashindano. Kwa sababu Mazembe ilikuwa imekwisha kuzitoa timu mbili, Simba na Wydad zilipelekwa Cairo kucheza mchezo mmoja. Tarehe 28 mwezi wa tano Wydad ilishinda 3-0, na mwaka ule ikaenda mpaka fainali.

Hapo kuna somo. Aliyelalamika hakufaidika sana: Simba ilipata mchezo mmoja tu wa ziada. Aliyefaidika ni Wydad, ambayo Mazembe iliishinda uwanjani. Na walioumia zaidi ni watu ambao hawakusaini karatasi yoyote, yaani wachezaji wenzake Bokungu na mashabiki waliolipa tiketi.

Miaka mitatu baadaye jambo kama hilo lilimpata jirani. Mwaka 2014 Rwanda iliitoa Kongo-Brazzaville kwa penalti katika kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika 2015. CAF ikagundua kwamba mchezaji aliyejulikana Rwanda kwa jina la Dady Birori ndiye yule yule Etekiama Agiti Tady wa AS Vita Club ya Kinshasa, mwenye pasipoti ya Kongo na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Mtu mmoja, majina mawili, miaka miwili. Rwanda ikaondolewa, na Kongo-Brazzaville ikapanda nafasi yake.

Lakini adhabu si lazima iwe kufukuzwa. Mwaka 2025, Afrika Kusini ilimchezesha Teboho Mokoena dhidi ya Lesotho mwezi wa tatu, huku akiwa na kadi mbili za njano zilizomtaka akae nje. Ilishinda 2-0. Mwezi wa tisa FIFA ikageuza matokeo kuwa 3-0 kwa Lesotho na kuinyang'anya Afrika Kusini pointi zake 3. Haikuiondoa katika mashindano, na mwezi uliofuata Afrika Kusini ilipata tiketi ya Kombe la Dunia. Kosa la karatasi liliadhibiwa, lakini kazi yote ya timu haikuzikwa.

Orodha ya 2018

Katika siasa, mchezo huanza kabla watu hawajaingia uwanjani. Anayepanga nani acheze ni Tume ya uchaguzi, CENI, na anayesema neno la mwisho ni Mahakama ya Katiba.

Mwaka 2018 watu 25 walileta karatasi zao wakitaka kuwa rais. Tarehe 24 mwezi wa nane CENI ikawakataa 6. Mahakama ya Katiba ikawarudisha wawili, Samy Badibanga na Marie-Josée Ifoku, na orodha ya mwisho ikawa na majina 21. Kwa Badibanga, aliyewahi kuwa waziri mkuu, shaka ilikuwa uraia: alikuwa na historia ya pasipoti ya Ubelgiji. Mahakama ikaona anastahili.

Jean-Pierre Bemba hakurudishwa. Mwezi wa sita mwaka ule, majaji wa rufaa wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, huko La Haye walikuwa wamemwachilia katika kesi ya uhalifu wa kivita. Lakini kulikuwa na kesi ya pili, ya kuwahonga na kuwafundisha mashahidi, na katika hiyo alipatikana na hatia. Sheria ya uchaguzi ya Kongo, kifungu cha 10, inamzuia mtu aliyehukumiwa kwa rushwa na hukumu isiyoweza kubadilishwa. Je, kuwahonga mashahidi ni rushwa kwa maana ya sheria hiyo? CENI ilisema ndiyo. Mawakili wake walisema hayo ni makosa mawili tofauti, na kwamba adhabu yenyewe ilikuwa bado haijakatwa kwa mara ya mwisho.

Tarehe 3 mwezi wa tisa Mahakama ya Katiba ikakubaliana na CENI. Wiki mbili baadaye, tarehe 17, ndipo ICC ilipotangaza adhabu: mwaka mmoja, ambao alikuwa amekwisha kuutumikia gerezani, na faini ya euro 300,000. Baadaye Bemba akawa naibu waziri mkuu. Sheria iliyosema hafai kugombea haikusema hafai kutawala wizara.

Moïse Katumbi, rais wa Mazembe na gavana wa zamani wa Katanga, hata orodha hiyo hakuifikia. Tarehe 3 mwezi wa nane 2018 alifika mpakani Kasumbalesa akitokea Zambia, akitaka kwenda kuleta karatasi zake. Hakuruhusiwa kuingia. Hapo hakuna tume iliyomkataa wala mahakama iliyomhukumu kwamba hastahili kugombea: mlango ulifungwa, na muda wa kuleta karatasi ukapita. Mwaka 2023 aligombea. Mpinzani wake, Noël Tshiani, alimshitaki mbele ya Mahakama ya Katiba kwa jambo la uraia wa Italia. Mahakama ilikataa ombi hilo, Katumbi akabaki kwenye orodha, na akamaliza wa pili nyuma ya Félix Tshisekedi.

Tshiani huyo ndiye pia mwenye wazo la sheria inayobeba jina lake, ya kutaka urais uwe wa watu ambao baba na mama wote wawili ni Wakongomani. Bunge halijaipitisha. Ubishi wake unaonyesha tofauti kati ya kanuni na mtego. Kanuni inawekwa kabla ya mchezo na kwa ajili ya wote. Mtego unachimbwa pale inapojulikana nani anapita njia gani.

Hukumu yenye mkia

Kuna kuondolewa kwingine kunakotoka kwa jaji moja kwa moja. Mtu anahukumiwa kifungo, na nyuma ya kifungo kunafuata mkia: kunyimwa haki ya kupiga kura na ya kuchaguliwa kwa muda fulani.

Tarehe 20 mwezi wa tano 2025, Mahakama ya Katiba ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani na depite wa Kindu, miaka 10 ya kazi ngumu katika kesi ya fedha za shamba la Bukanga-Lonzo, pamoja na miaka 5 bila haki ya kupiga kura wala kuchaguliwa. Tarehe 2 mwezi wa tisa, Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa fedha za gereza lililotakiwa kujengwa Kisangani. Naye aliongezewa miaka 5 ya aina hiyo hiyo. Wote wawili walikana makosa.

Wapo wanaosema ni haki: aliyechezea mali ya watu asirudi kuomba kura zao. Wapo wanaosema ni njia ya kusafisha uwanja kabla ya uchaguzi wa 2028. Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kulitazama. Hukumu ya Mahakama ya Katiba haina rufaa. Mwizi wa kuku akihukumiwa na mahakama ya amani anaweza kupanda ngazi nyingine. Waziri mkuu wa zamani akihukumiwa na mahakama ya juu kabisa, ngazi ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Sheria inajua pia kwamba jaji mwenyewe anaweza kuondolewa. Kama ana faida yake katika kesi, kama ni ndugu, rafiki au adui wa mmoja wa wanaoshitakiana, au kama amekwisha kutoa maoni yake juu ya kesi hiyo, raia ana haki ya kuomba asiihukumu. Jaji mwenye heshima hangoji kuombwa: anajitoa mwenyewe. Haki hii si ya wakubwa peke yao. Mwenye ugomvi wa shamba huko Walungu au wa kiwanja huko Butembo anayo pia. Tatizo ni kwamba wengi husikia habari yake baada ya hukumu kusomwa.

Wagombea 82

Uchaguzi wa Disemba 2023 ulileta kitu kipya: kuondolewa baada ya kura kupigwa. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kati ya zaidi ya 100,000 waliogombea ubunge wa taifa, ubunge wa majimbo na ushauri wa komini. Iliwashitaki kwa wizi wa kura, rushwa, kuharibu vifaa, kuchochea vurugu na kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Katika orodha hiyo kulikuwa na mawaziri na magavana waliokuwa bado kazini.

Watu wengi walipiga makofi. Walikuwa wameona kwenye simu zao picha za mashine ya kura ndani ya nyumba ya mtu, na hawakuzoea kuona mkubwa akiguswa. Lakini waliofutwa walilalamika kwamba walisoma majina yao kwenye tangazo bila kuitwa kwanza kujieleza. Walipokwenda Baraza la Serikali, mahakama inayohukumu maamuzi ya ofisi za serikali, lilisema kesi hiyo si kazi yake.

Siku hiyo hiyo CENI ilifuta uchaguzi wote wa wabunge na washauri katika maeneo mawili: Masimanimba, jimbo la Kwilu, na Yakoma, jimbo la Nord-Ubangi. Watu wa huko walipiga kura upya tarehe 15 Disemba 2024. Kwa karibu mwaka mzima hawakuwa na depite waliyemchagua. Mwanamke wa Masimanimba aliyesimama mstari tangu asubuhi na kupiga kura yake kwa unyofu alipewa adhabu moja na aliyejaza sanduku.

Mji unapoondolewa

Mashariki inajua hilo vizuri zaidi. Mwezi wa 12 mwaka 2018, siku chache kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hawatapiga kura pamoja na nchi. Sababu zilizotajwa kwa Kivu ya Kaskazini ni Ebola na ukosefu wa usalama. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliguswa. Tarehe 30 watu wa Beni walitoka hata hivyo, wakapanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga kura ya mfano kwa karatasi zao wenyewe, ili waonyeshe kwamba wanaoweza kwenda sokoni na kanisani wanaweza kwenda kupiga kura.

Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Beni na Butembo walipiga kura tarehe 31 mwezi wa tatu, kwa wabunge tu. Kwa urais, walikuwa wameachwa nje.

Mwaka 2023 zamu ilikuwa ya Masisi na Rutshuru, pamoja na Kwamouth huko Mai-Ndombe. Vita vilizuia uandikishaji, na asiyeandikishwa hana karatasi ya kupigia kura. Wengi wao walikuwa kambini pembeni ya Goma, wakisikiliza kwenye redio matokeo ya uchaguzi ambao haukuwahesabu. Hakuna aliyesema wamefanya kosa. Lakini mwisho wake ni sawa na wa aliyekosa: hawakucheza.

Ndiyo maana neno uraia, ambalo kwa shabiki wa Léopards linaonekana kama mzaha wa Wanigeria, linatisha katika Kivu. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wameishi nchini kwa muda mrefu. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaunyang'anya. Mtu alilala raia, akaamka akiulizwa babu yake alifika mwaka gani. Ugomvi wa nani apige kura, nani awe chifu na nani amiliki shamba ulipata kuni mpya, na moto wake haujazimika. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilijaribu kurekebisha, lakini ilibakiza kanuni ya uraia mmoja: Mkongomani akichukua uraia mwingine, anapoteza wa Kongo.

Kanuni hiyo imeandikwa, lakini haifuatwi kwa kila mtu. Mwaka 2007, ilipojulikana kwamba wabunge kadhaa walikuwa na pasipoti za nje, Bunge liliamua kuwapa muda badala ya kuwaondoa. Tangu wakati huo inajulikana kwamba wapo wakubwa wenye pasipoti mbili, na hulala usingizi mpaka siku wanapokuwa wapinzani wa mtu. Nigeria haikubuni mlango huu. Iliukuta wazi, ukiwa umefunguliwa na Wakongomani wenyewe.

Maswali matatu

Kutoka Rabat mpaka Rutshuru, kesi hizi hazifanani, lakini zote zinaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, kanuni ilikuwepo na ilijulikana kabla ya mchezo? Je, aliyeondolewa alisikilizwa na mtu asiye na faida katika jambo lake? Na je, jibu lilikuja kwa wakati ambapo lilikuwa bado linaweza kusaidia? Mazembe ilikuwa na kanuni mbele yake na haikuiangalia vizuri. Wale 82 wanasema hawakusikilizwa. Beni na Butembo waliitwa kupiga kura wakati rais alikuwa ameapishwa zaidi ya miezi miwili.

Uchaguzi mwingine umepangwa 2028. Sheria ya uchaguzi inaanza kuchuja watu mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwalimu wa shule ya serikali au mfanyakazi wa ofisi ya jimbo anayetaka kugombea lazima aonyeshe karatasi kwamba ameomba kuachishwa kazi kwa muda. Jaji vilevile. Askari na polisi lazima wawe wametoka jeshini au katika polisi. Kila mara wapo wagombea wazuri wanaoangushwa na karatasi moja iliyosahaulika, na siku hiyo kulia hakusaidii.

Kwa mpiga kura, karatasi ni moja tu: kuandikishwa. Kwa mamia ya maelfu ya watu waliokimbia nyumba zao katika Kivu na Ituri, hiyo ndiyo mechi ya kwanza, na inachezwa muda mrefu kabla ya majina ya wagombea kubandikwa ukutani.